Darasani kimya, jioni Kiingereza kinamiminika. Kwa nini?

Mwalimu_Kisumu
Walimu wenzangu, hamjambo. Hapa ni kidato cha tatu, shule ya kutwa. Ukiwauliza swali kwa Kiingereza wanainamisha vichwa. Jioni hao hao wako kwenye makundi ya mpira na gemu, wanabishana kwa Kiingereza mpaka bando iishe. Hakuna aliyewatuma. Kinachowavuta ni nini, na kinaweza kuletwa darasani bila kuharibika?

Lugha_Nyanza
Kwanza ni muda. Swali la darasani linataka jibu papo hapo, mbele ya watu arobaini. Kwenye simu mtu anaandika, anafuta, anachungulia mwenzake ameandikaje, ndipo anatuma. Pili ni haja: anayecheza gemu na Mhindi au Mnigeria hana lugha nyingine ya kumwomba pasi. La tatu ndilo kubwa: huko anajibiwa alichosema. Darasani akisema timu yake imefungwa, anaambiwa arekebishe kitenzi. Mtandaoni anachekewa timu.

Mtafiti Pia Sundqvist aliwachunguza vijana wa Sweden wa miaka 15 na 16 katika tasnifu yake ya 2009. Mambo yanayomlazimu mtu kushiriki, kama gemu na kusoma, yalikuwa na uzito zaidi kwa msamiati na usemaji kuliko muziki na televisheni. Kwa hiyo wa nyimbo tu usimhesabu sana.

Kalamu_Nyekundu, Nakuru
Sawa, lakini mimi nasahihisha insha. Kwenye kuchati, kutuma ndiko nukta, kwa hiyo aya nzima inakuja sentensi moja. "I am" inabaki "am" peke yake. Tahajia nayo ni ya kibodi, si yao. Ukiwapa karatasi, tahajia hiyo inapotea. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 20 za uandishi wa kiuamilifu, na barua pepe inaweza kuulizwa. Anzia hapo.

Mama_Silabi, Kakamega
Fanya hivi. Fungua kundi la WhatsApp la darasa, mada moja kwa wiki, waichague wao (ukichagua wewe, limekufa). Wazime upakuaji wa picha na video wa kujiendesha, bando itadumu. Usisahihishe mtu humo ndani hata kidogo. Ukisahihisha mara moja tu, watahamia kundi usilolijua.

Ijumaa nakili meseji tatu ubaoni, bila majina. Wawili wawili waziandike upya kama barua pepe kwa mwalimu mkuu, kwa kalamu, dakika 15. Hapo ndipo nukta na herufi kubwa zinadaiwa, kwa sababu msomaji amebadilika.

Mwalimu_Kisumu
Asante. Na wasio na simu?

Mama_Silabi, Kakamega
Bandika picha ya mechi ukutani na karatasi ndefu chini yake. Kila anayepita anaandika mstari, anayefuata anamjibu. Ibadilishe Jumatatu, hata kama bado wanabishana.