Tupeane uzoefu: mlijikazaje ofisi ya kilimo ilipobaki na watu wachache?

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mtumishi wa taasisi moja ya serikali inayoshughulika na nafaka, kituo cha hapa Dar. Mwezi uliopita zilitoka barua tisa za uhamisho siku moja. Kitengo chetu cha ukaguzi tulikuwa saba, tumebaki watatu, na mkuu wa kitengo ni kaimu.

Jumatatu iliyofuata nilifika mapema. Koti jeupe la mwenzangu aliyepelekwa Songea lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango. Bambo lake, kile chuma cha kuchomea gunia ili kutoa sampuli, lilikuwa kwenye droo, limeviringishwa kitambaa kama alivyokuwa akiliviringisha miaka yote. Huyu ndiye aliyenifundisha kuchoma gunia: chini, katikati, juu, usichome pale tu mwenye mzigo anapokuonyesha. Kisha unamimina punje kiganjani, unanusa kabla hata ya kugusa kipimo cha unyevu. Nilikaa kwenye kiti chake, sikuweza kuanza kazi.

Sigombi na uhamisho. Tulipoajiriwa tulikubali kufanya kazi popote Tanzania. Lakini malori hayapungui kwa sababu sisi tumepungua. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hayafai kuingia ghalani, yanavunda, na ukungu unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo siwezi kupitisha gunia kisa nimechoka. Na kweli nimechoka.

Waliopitia haya, mliwezaje kubaki na moyo wa kazi? Naomba mtu aeleze yaliyomkuta yeye mwenyewe.

Mstaafu wa masijala, Temeke

Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwa masijala Julai 2016 ilipotangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma. Ofisi nzima ilisimama. Kila mtu alikuwa na orodha yake ya nani anakwenda na nani anabaki, na kila orodha ilikuwa imetoka kwa "mtu wa uhakika". Mama mmoja wa usafi aliuza kabati na kitanda kwa sababu ya orodha hizo, na jina lake halikuwahi kutoka.

Kilichotuokoa ni mambo mawili. La kwanza, bosi wetu alituita kila Ijumaa saa nane na nusu, wote, mpaka madereva. Anasema alichokijua wiki hiyo. Asipokuwa na jipya anasema sina jipya, turudi kazini. Dakika kumi zimekwisha. Baada ya Ijumaa ya tatu au ya nne zile orodha zilikufa, maana hakukuwa na mtu wa kuzisikiliza.

La pili ni langu. Nilinunua kaunta buku kwa hela yangu, nikaanza kuandika kila jalada linalofungwa: namba, sanduku gani, nani amelipokea. Mwanzoni ilikuwa kazi tu. Baadaye nikagundua kwamba ile saa moja ya kuandika ndiyo saa pekee ambayo moyo wangu ulikuwa umetulia. Sikuweza kuamua nani ahame, lakini jalada la mkulima anayedai fidia lisipotee, hilo liliwezekana, na lilikuwa mikononi mwangu. Hadi nastaafu nilikuwa napigiwa simu kutoka Dodoma: "Mzee, jalada fulani liko sanduku lipi?" Nafungua kaunta buku.

Dada aliyehamishwa, nyumbani Mbagala

Niongee upande wa wanaoondoka, maana mnafikiri sisi tumepumzika. Nilipelekwa Dodoma, mume na watoto wamebaki Mbagala. Posho ya kujikimu na gharama za mizigo ni haki ya anayehamishwa kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma, lakini yangu ilichelewa sana, nikaanza maisha kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Basi lilikuwa linanila siku nzima, watoto nawaona mara moja kwa mwezi. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, Ijumaa jioni napanda, usiku niko Dar. Hilo limenirudishia moyo kuliko semina yoyote.

Mleta mada, mpigie huyo mwenzako wa Songea. Mimi wenzangu wa Dar walininyamazia miezi mitatu wakidhani wananiachia nafasi. Nilikuwa nasubiri simu.

Fundi maabara wa mbegu

Sisi tulibaki wawili kati ya watano. Jaribio la uotaji wa mahindi linachukua siku saba, huwezi kuliambia lifanye haraka. Tuliandika kazi zote kwenye ubao, tukamwita kaimu mkuu, tukamuuliza: zipi zisubiri? Aliogopa kidogo, kisha akafuta nne kwa mkono wake. Tukarekebisha malengo yetu kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, yaendane na hali halisi, naye akayaidhinisha. Msiruke hatua hiyo, la sivyo mwisho wa mwaka mtapimwa kwa malengo ya watu watano.

Afisa ugani, Kigamboni

Nitasema ambalo halijasemwa. Uhakiki wa vyeti wa 2017 uliondoa watu wawili kwetu, nikabeba kata zao pamoja na yangu. Kila nikilalamika naambiwa kuwa na mtazamo chanya. Nikawa chanya mpaka nikaanguka mbele ya wakulima kwenye shamba la mihogo. Presha. Daktari akanipa mapumziko ya wiki mbili, na hizo wiki mbili kata haikufa. Mkuu, likizo yako ya mwaka ichukue. Iombe kwa maandishi.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni sana, na wewe wa Kigamboni pole sana.

Jana nimempigia mwenzangu Songea. Tumeongea karibu saa nzima. Huko nako wako wachache, lakini msimu ni mzuri na mahindi yanaingia makavu. Nikamwambia kuhusu koti. Akasema koti nimtumie kwa basi, bambo libaki, Songea wana lao.

Leo asubuhi tumeweka ubao. Watatu tumesimama na kaimu wetu, tumekubaliana kazi mbili zisubiri mpaka watu waongezeke. Pia ameahidi kikao kifupi kila Ijumaa. Barua ya likizo nimeiandika, bado sijaipeleka, naipeleka kesho.

Kuna kijana amepangiwa kwetu na Sekretarieti ya Ajira, anaripoti Jumatatu. Nimelifuta bambo, nimebadilisha kitambaa, nimeliweka droo ya juu. Lori la kwanza likiingia nitamwonyesha: chini, katikati, juu.

Wengine endeleeni kuleta, nipo nasoma.