Klabu saba daftarini, mbili tu zilizo hai: nianzie wapi?

Mwalimu Mlezi, Wete

Assalaamu alaykum, ndugu walimu na wazazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika skuli moja ya kijijini hapa Pemba, na tangu muhula huu uanze nimekabidhiwa ulezi wa klabu zote za wanafunzi. Daftari nililorithi lina klabu saba: mdahalo, mazingira, afya, Kiswahili, sayansi, skauti na michezo. Nilipowaita viongozi wake tukutane chini ya mwembe wa skuli, walikuja wa mdahalo na wa michezo tu. Mwenyekiti wa klabu ya mazingira, ambaye jina lake bado limeandikwa kwa wino mwekundu katika ukurasa wa kwanza, alishamaliza Kidato cha Nne mwaka juzi.

Kubwa ninaloliona ni wakati. Skuli yetu ina mikondo miwili. Wa asubuhi hawajamaliza kukusanya mabuku yao, wa mchana wameshajaa mlangoni, na hakuna chumba kinachobaki kitupu hata kwa nusu saa. Mtoto akitoka skuli anakula, anakwenda chuoni kusoma Kurani, na akirudi kuna twisheni, kuna maji ya kuteka, kuna wadogo zake wa kuangalia, na mara magharibi imeingia. Tena wapo wazazi wasioona faida ya jambo lenyewe. Wiki iliyopita alinijia baba mmoja, mtu wa heshima zake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwanawe amemleta skuli kusoma, hakumleta kukaa vikao. Nilimsikiliza mpaka mwisho, lakini kwa kweli sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Naomba ushauri wenu. Nizifufue zote saba au nichague chache? Saa nitaipata wapi? Na baba yule, akija tena, nimwambie nini?

Mlezi Mstaafu, Chake Chake

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nimelea klabu ya mazingira kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ushauri wangu wa mwanzo ni kwamba uchukue kalamu ukate tano. Usione haya. Klabu ambayo ipo kwa sababu mkaguzi huenda akaiulizia haimfai mtoto yeyote, na inamfundisha kuwa cheo cha mwenyekiti kinaweza kukaa bila ya kazi. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanzisha mpango wa vijana wa mazingira uitwao Roots & Shoots mjini Dar es Salaam mwaka 1991 alianza na wanafunzi 12 tu, na leo mpango huo umefika katika nchi nyingi. Nawe ukipata watoto kumi na wawili wanaokuja kila wiki bila ya kuitwa, umepata klabu.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba kila klabu iwe na kazi moja inayoonekana kwa macho na inayoweza kuharibika. Mwaka wa kwanza sisi tulipanda mikoko. Tulichagua pwani iliyo wazi, inayotazama bahari moja kwa moja, kwa sababu ilikuwa tupu na tope lake lilikuwa laini, tukapanda siku nzima, tukaimba, tukarudi nyumbani tumefurahi. Ikaja bamvua, na maji yalipotoka hatukukuta hata miche ishirini. Watoto walisimama kimya, na mmoja alianza kulia. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye shamba lake la mwani ndiye aliyetwambia kwamba tulipanda mbali mno na ufukwe, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu na mawimbi hupiga, na kwamba mti unaostahimili mbele kule ni mlilana, aina nyengine ya miti ya mikoko, si mkoko huu tulioupanda.

Baada ya siku ile ndipo walipoanza kusoma. Walijifunza kwamba tunda la mkoko huota likiwa bado juu ya mti wake, likarefuka kama fimbo ya kijani, na kwamba lililoiva hutambulikana kwa shingo yake ya manjano, wala si kwa urefu. Walijifunza kuihesabu bamvua kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ili tupande maji yanapoelekea kuwa mafu, yaani madogo, na mche upate siku kadhaa za kushika kabla ya kuvutwa na maji makubwa. Kila mtoto alikuwa na miche mitano yake, ameifunga uzi wa rangi yake, na kila baada ya wiki mbili aliipima kwa rula na kuandika daftarini: majani mangapi, urefu gani, ipi imekufa na kwa nini anadhani imekufa. Daftari lile ndilo ningemwonesha baba yule aliyekujia. Ndani yake mna Baiolojia, mna hesabu za wastani na asilimia, na mna maandishi ya mtoto aliyeyaona mwenyewe anayoyaandika.

Ukipenda muhula wa pili kuwatoa nje ya kijiji, wapeleke Kidike wakawaone popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwengine kokote duniani. Popo hulala mitini mchana, kwa hivyo kazi ya kuwahesabu haikulazimishi kumchelewesha mtoto wa mtu hadi usiku.

Baba wa Wanafunzi Wawili, Mkoani

Nami naomba nimsemee kidogo baba yule, kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa na maneno hayo hayo.

Mwanangu wa kike alijiunga na klabu skulini kwao, akawa siku nyengine anarudi saa kumi, siku nyengine karibu na magharibi. Nikimuuliza, anasema walikuwa na mkutano. Mkutano wa nini, na nani, umesimamiwa na nani, sikuwa na habari, na skuli haikuwahi kuniandikia hata mstari mmoja. Nikamtoa. Sikuwa na chuki na klabu. Nilikuwa simjui aliyekaa na mwanangu jioni ile, na mzazi akiwa hajui hukataa. Leo namwonea huruma, maana alikuwa ameipenda kwa moyo wake.

Kwa hivyo, Mwalimu, kabla ya kikao cha kwanza andika barua fupi kwa kila mzazi, useme siku gani, saa ngapi wanaanza, saa ngapi wanaachiwa, wanafanya nini, na mwalimu gani atakuwepo, na kama wamo wasichana basi awepo na mwalimu wa kike. Saa uliyoiandika uitimize. Ukisema saa kumi kamili, iwe saa kumi kamili hata kama mjadala umekolea, kwa sababu ukichelewesha mara mbili tu umeshaipoteza imani ya nyumba nzima.

Kuhusu siku, vyuo vingi vya huku kwetu havisomeshi Alkhamisi jioni wala Ijumaa. Nenda kwa ustadhi wa chuo kilicho karibu na skuli, ukae naye, umweleze. Asimsikie mtoto akimwambia "leo nina klabu" kama kwamba klabu na chuo vinamgombania. Kwa mwanangu wa pili mwalimu alifanya hivyo, na ustadhi mwenyewe ndiye aliyewahimiza watoto wasiikose Alkhamisi yao. Vyumba vikikosekana, mwembe ulioutaja unatosha.

Nina jambo moja la kutahadharisha. Msiwafukuze Kidato cha Nne moja kwa moja kwa hoja ya mtihani. Wapunguzieni, waje mara moja kwa mwezi kuwaelekeza wadogo zao. Ukiwatoa wote kwa siku moja, mwaka unaofuata hakuna anayejua kazi, na nadhani ndivyo ilivyokufa ile ya wino mwekundu.

Mwanafunzi wa Zamani, Konde

Mwalimu wangu, mimi ni muuguzi sasa, na ninaandika kwa sababu ya klabu ya mdahalo.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza masomo yaligeuka kuwa Kiingereza karibu yote, nami nikanyamaza. Nilikuwa nikijua jibu kwa Kiswahili lakini nikiliogopa kulisema, na kwa mwaka mzima sidhani kama niliinua mkono mara tatu. Mwalimu wa mdahalo hakunilazimisha kusema. Alinipa ukatibu. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na daftari, niandike hoja za upande unaounga mkono na za upande unaopinga, kisha kikao kinachofuata nisimame nisome kumbukumbu. Kusoma nilichokiandika mwenyewe niliweza. Kulikuwa na mtunza saa aliyekuwa akigonga dawati kwa kijiti cha mkarafuu, mara moja dakika ikibaki, mara mbili muda ukiisha, na nakumbuka kikao kimoja cha Kidato cha Pili alinigongea mimi mara mbili, kwa sababu nilikuwa nimesimama kuisahihisha hoja ya mtu na nikasahau kukaa.

Kwa hivyo nakuomba vyeo visiishie kwa wale wanaojua tayari. Mkimya mpe ukatibu, mwenye fujo mpe saa. Na mdahalo uwe wiki moja kwa Kiswahili, wiki moja kwa Kiingereza. Skuli nyingi hutaka Kiingereza kitupu kwa nia njema ya mtihani, lakini mtoto ambaye hajapata kuijenga hoja kwa lugha anayoiotea ndoto atakariri tu sentensi za wenziwe. Kwetu sisi mada ilikuwa hiyo hiyo kwa wiki mbili, ya kwanza Kiswahili na ya pili Kiingereza, na ya pili daima ilikuwa na wasemaji wengi zaidi kuliko tulivyotarajia.

Jambo jengine ni Tamasha la Elimu Bila Malipo. Sote tunalipenda, na ni haki kuikumbuka tarehe 23 Septemba 1964, pale Mzee Karume alipotangaza kwamba mtoto yeyote wa Zanzibar asome bila ya kulipa. Lakini nimeona skuli ambazo netiboli, riadha na ngonjera huamshwa wiki chache kabla ya tamasha, wakachaguliwa walio hodari, na likimalizika mipira inafungiwa stoo. Wale ambao hawakuchaguliwa ndio waliokuwa wakihitaji zaidi kucheza.

Mwalimu Mlezi, Wete

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Bibi yangu wa Chake, kalamu nimeishika: nitabakisha mdahalo, michezo na mazingira. Umeniambia mbili, lakini nakuomba uniachie hiyo ya tatu kwa sababu pwani yetu imekatwa mikoko sana na watoto wanapita hapo kila siku wakienda skuli.

Baba wa Mkoani, barua nimeshaanza kuiandika, na ndani yake nimeweka saa kumi kamili. Mwalimu mwenzangu wa kike amekubali kuwa nasi kila Alkhamisi. Kwa ustadhi nitakwenda kesho baada ya sala ya alasiri. Kwa baba yule sitasubiri aje tena. Nitamfuata mimi, na nitamwomba afuatane nasi siku ya kwanza ya kupanda, kwa kuwa nimeambiwa ni mvuvi na ghuba ile anaijua kuliko mimi.

Na wewe dada wa Konde, katika darasa langu yupo msichana anayekaa safu ya nyuma karibu na dirisha, ambaye sijapata kuisikia sauti yake tangu muhula uanze. Daftari jipya la ukatibu nimeshalinunua.