Stoo ya chini ya marehemu babu, Lamu: kuuza jumla, kuita punda, au kuchambua wenyewe?

BintiMkomani

Assalamu alaykum nyote. Naomba rai zenu, hasa wakubwa.

Nyumba yetu ni ya mawe, mtaa wa Mkomani. Chini kuna chumba kirefu kisicho na dirisha ambacho tangu babu afariki, miaka kumi na moja sasa, hakifunguliwi ila kwa kusukumia kitu kingine ndani. Maulidi inakaribia na mjomba anataka chumba hicho kilaze wageni. Juzi tukafungua. Harufu ya unyevu na mafuta ya taa ilitupiga usoni kabla hata macho hayajazoea giza.

Nilivyoviona kwa tochi: karabai tatu, cherehani isiyo na gurudumu, betri sita za boti, friji iliyokufa, televisheni ile yenye kisogo kikubwa, mafungu ya nyavu, tanga lililoviringishwa, madebe ya rangi, dumu la oili chafu, kandambili na chupa za plastiki zisizo idadi, sanduku la njumu (lile la mbao lenye mapambo ya madini), vipande vya fremu ya mlango wenye nakshi, na makaratasi. Makaratasi mengi, mengine yameshaliwa na mchwa.

Njia tulizo nazo ni tatu. Mnunuzi mmoja ameahidi 15,000 achukue kila kitu, afagie na aondoke. Au tukodi punda siku moja, vyote viende jaani. Au tukae wenyewe tuchambue, kazi ya wiki mbili, na sisi watu wazima tulioko nyumbani ni watatu tu. Ndugu yangu anapenda ya kwanza. Mimi moyo wangu unasita lakini sina hoja ya kumpa.

Ami_Langoni

Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya kuchagua njia, mlango uache wazi siku nzima. Vaeni viatu vya kufunika na glavu, wala mtu asitie mkono nyuma ya kitu asichokiona. Nge na tandu wanapenda nyavu kavu. Kinyesi cha popo na panya msikifagie kikavu. Nyunyizieni maji kwanza, mdomo na pua zimefungwa.

Na nyavu zitoke mwanzo, maana ndizo zitakazowakwaza mkibeba vizito.

MamaShela

Binti, nakuandikia kwa uchungu kwa sababu mimi nilichagua njia ya ndugu yako.

Baba yangu alikuwa nahodha. Alipoondoka duniani nilikuwa na watoto wadogo na stoo imejaa hadi kwenye boriti. Akaja mtu, jina lake halina haja, akatoa elfu nne kwa vyote. Nilimshukuru. Alimaliza kwa asubuhi mbili na sakafu ikaonekana, nikafurahi kweli.

Miezi mitatu baadaye kaka yangu alitoka Mombasa akaniuliza, daftari la baba liko wapi? Lilikuwa daftari la jalada jeusi, pembe zimeviringika kwa maji ya chumvi. Baba alikuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu, lugha ya Kiswahili: siku waliyotweka, upepo, walichopakia, nani alilipwa nini, nani aliugua njiani. Nilikuwa nikimwona akiliandika baada ya alasiri, kalamu anailamba kwanza. Mimi nililihesabu miongoni mwa makaratasi. Nikamtafuta yule mnunuzi, akaniambia karatasi aliziuza kwa kilo kwa wauza bajia. Nilizunguka vibanda siku mbili na sikupata hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo ukinipa hizo njia tatu, nakwambia 15,000 si bei ya vitu. Ni bei ya kutoviangalia. Makaratasi yasitoke nyumbani mpaka mtu anayesoma herufi zile ayapitie yote, hata yaliyomo kwenye makopo ya biskuti. Hati za nyumba za wazee wetu zimo humo humo.

BintiMkomani

Shangazi, pole sana. Nimemsomea ndugu yangu maneno yako, amenyamaza. Kopo la biskuti lipo kweli, limeshika kutu, hatujalifungua.

Katika makaratasi mna misahafu na majuzuu yaliyochanika. Hayo tufanyeje?

Ami_Langoni

Hayo hayapakiwi punda kamwe. Yatengeni leo hii katika kitambaa safi, juu, si sakafuni. Msahafu usiosomeka tena hufukiwa mahali pasipokanyagwa, au huchomwa kwa heshima na jivu lake likafukiwa. Hata Sayyidna Uthman aliamuru nakala nyingine zichomwe alipokusanya msahafu. Mwulizeni imamu wenu, atawapa siku na mahali.

Lakini mkikuta kitabu kilichoandikwa kwa mkono, hata kama kimekatika nusu, simameni. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha na nakala zake zimehifadhiwa kupitia mpango wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini. Watu wa kuvithamini vitu hivi wapo mjini kwetu.

Fundi_Matondoni

Nitasema ya chombo, mengine siyajui. Tanga hata likioza katikati, kingo zake hufaa: turubai ya kufunika mbao, mfuko wa zana, kivuli cha kuku. Tazama kama ndani ya tanga hamna kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Kapi ya mbao ya zamani ikisuguliwa hufanya kazi tena, na kuchonga mpya ni kazi ya siku. Mbao za msaji au mvule msizichome hata zikiwa fupi. Dhiraa moja ya msaji mkavu ni dhahabu kwetu.

Nyavu zina mambo mawili. Za nyuzi zilizosokotwa zilizo nzima mpe mvuvi. Zile za uzi mmoja mwembamba unaong'aa zimekatazwa kuvulia nchini. Hizo usimpe mtu, kateni vipande vipande kabla ya kutupa. Wavu mzima ukifika majini unaendelea kuvua bila mwenyewe, unamshika kasa, unamshika nguva, na hakuna wa kuutoa.

Oili chafu: wazee hupaka nguzo dhidi ya mchwa, na nguzo kavu mbali na kisima haina neno. Ila msiimwage mferejini. Mifereji ya mji inashuka moja kwa moja pwani, utaiona inang'aa juu ya maji mbele ya nyumba zenu wenyewe. Dumu lifungwe kifuniko, mwulize fundi wa mashine za boti kama anakusanya.

Mwalimu_Malindi

Salaam kutoka Malindi. Sisi tulisafisha gereji ya mzee mwaka jana, nikajaribu njia zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo nina la kulinganisha.

Kuuza jumla kulifaa kwa chuma pekee. Tulitenga mabati, baiskeli, rimu, vitanda vya chuma, tukaita mnunuzi mwenye leseni. Biashara hii ina sheria yake tangu 2015, na mwaka 2022 ilisimamishwa kabisa kwa miezi kadhaa kwa sababu transfoma na nyaya za umeme zilikuwa zikiibwa na kuuzwa kama chakavu. Mnunuzi wa halali atauliza jina na kitambulisho chako na ataandika. Asiyeuliza chochote, mwache apite. Tulipata pesa ndogo, lakini ilitosha kulipa vijana waliobeba.

Kutupa vyote kulikuwa rahisi kwetu kwa sababu Malindi lori linafika mlangoni, unalipa kwa safari. Urahisi huo ndio ulionitia hofu. Lori halibagui, na kilichomo ndani kikishamwagwa hakuna anayejua betri iko wapi.

Betri ndizo nataka mnisikie. Ndani yake kuna asidi na risasi, si ya bunduki, ni yale madini mazito yenye sumu. Risasi ile inayeyushwa na kuuzwa tena, ndiyo maana wanunuzi wanazikimbilia. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukutani kwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Watoto wakawa na risasi damuni. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukatenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikauthibitisha tena Desemba 2024. Sasa fikiria mtu anayepasua betri kwa panga nyuma ya nyumba yake. Msimwage asidi ili betri ziwe nyepesi. Zisimamisheni wima ndani ya beseni la plastiki, zisiguse chuma, na mkabidhi duka linalouza betri mpya. Mengi hupokea kuukuu na kukupunguzia bei ya mpya.

Televisheni ya kisogo msiivunje, kioo chake kina risasi pia. Friji msikate bomba lake, gesi itatoka. Kituo cha WEEE Centre Nairobi hupokea vifaa vya umeme vilivyokufa. Mzigo mmoja kuusafirisha ni ghali, kwa hiyo tuliungana nyumba nne tukalipia nafasi moja kwenye gari.

Kwa muda, wiki mbili zetu zilikuwa siku tisa. Makaratasi peke yake yalikula siku nne.

MwenyePunda_Wiyoni

Dada, punda nakuletea. Lakini nisikilize kuhusu mzigo. Vioo na misumari visitiwe gunia tupu. Vifungwe kwanza ndani ya debe au boksi, ndipo viingie kwenye shogi, ule mfuko wa mgongoni mwa punda. Gunia likitoboka ubavuni punda hawezi kusema, ataendelea kutembea tu, na sisi tutaona jeraha jioni. Mizigo miwili sawa kila upande, alfajiri au baada ya alasiri. Friji usinipe, ni ya mkokoteni wa mkono na watu wanne.

Na mifuko ya plastiki yenye mabaki ya chakula isiachwe uchochoroni usiku eti tutaikuta asubuhi. Punda wanaifungua na kuila, matumbo yanaziba. Kliniki ya punda imekuwapo hapa tangu 1987 na waulize wao wanavyoviona.

Plastiki ngumu na kandambili zisiende jaani kabla hamjawauliza watu wa Flipflopi, wale wanaokusanya plastiki na kuitengenezea vyombo. Lile jahazi lao lilitengenezwa hapa hapa kwa tani kumi za plastiki na kandambili elfu thelathini, likazinduliwa 2018, mwaka uliofuata likatweka hadi Zanzibar. Bado wanakusanya.

Mchongaji_Amu

Nimesoma orodha mara mbili na nimeshtuka hakuna aliyeigusa fremu ya mlango.

Binti, mlango au fremu yenye nakshi za kwetu iliyochongwa kabla ya 1946 ni kitu kilicholindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Sanduku la njumu likiwa ni la kabla ya 1895 linahesabiwa kale, na kulitoa nchini kunahitaji kibali. Huyo anayetoa 15,000 kwa vyote huenda anajua vizuri sana anachokinunua. Lifuteni sanduku kwa kitambaa kikavu tu, bila mafuta wala vanishi. Fremu iviringishiwe mkeka, iwekwe mahali pakavu. Kisha nendeni makumbusho, pale barabara ya pwani, muombe mtu aje aone. Mimi mwenyewe nitakuja kuangalia nakshi bila malipo, nikijua ni mkono wa fundi gani nitafurahi.

Jambo moja la chumba chenyewe: mkikuta ukuta umevimba na kumwaga unga mweupe, ni chumvi. Msipake saruji. Jiwe la matumbawe linapumua, saruji inalifungia unyevu ndani, na baada ya misimu miwili plasta yote itaporomoka na ngozi ya ukuta. Chokaa, mchanga uliooshwa maji matamu, na subira. Najua wageni wanakuja, lakini nyumba hiyo imekaa bila saruji tangu ilipojengwa.

BintiMkomani

Ahsanteni wote. Tumeamua kuchambua. Leo ndani ya sanduku tumekuta bangili mbili nyeupe nzito na gamba kubwa la ng'amba. Mama anasema bangili ni za pembe, za bibi yake mzaa babu. Ndugu yangu kapiga picha, anauliza zinauzwaje.

Ami_Langoni

Mwanangu, mwambie aifute hiyo picha na asimtumie mtu yeyote. Pembe ya ndovu na gamba la kasa havinunuliwi wala haviuzwi, hata viwe vya urithi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali na haisikilizi kwamba ni vya bibi. Nendeni nyinyi wenyewe ofisi ya KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, mkaseme vimekutwa wapi, lini, na katika vitu vya nani. Mama aende pia. Mwenye kwenda mwenyewe hasimami pamoja na aliyekamatwa gatini.

BintiMkomani

Siku kumi zimepita, naleta habari.

KWS tulikwenda, mama, mjomba na mimi. Walituandikia, vitu vikabaki kwao. Mama alizishika zile bangili mara ya mwisho mlangoni, hakusema neno.

Misahafu imefukiwa Ijumaa. Betri nne zimepokelewa duka la betri, mbili zinavuja, bado zimo beseni hadi wapate pa kuziweka. Chuma tumeuza kwa mwenye leseni, 3,200. Karabai moja inawaka! Mjomba ameitia utambi mpya na hataki mtu aiguse. Punda wamekwenda safari saba badala ya ishirini tulizofikiria, na nyingi zilikuwa za mbao zilizooza na vumbi. Friji na televisheni tunawasubiri majirani wawili waliokubali kuchangia nauli.

Shangazi wa Shela, kopo la biskuti tumelifungua. Mlikuwa na hati ya nyumba, risiti za boriti, na barua kumi na nne za babu kutoka Mombasa alizomwandikia bibi, kwa herufi za Kiarabu. Mama hawezi kuzisoma na mimi pia siwezi. Kama wewe au kaka yako mnasoma mwandiko ule, njooni Alhamisi baada ya alasiri. Chumba bado kinanuka mafuta ya taa lakini pa kukaa papo.

MamaShela

Kaka yangu anasoma. Tutakuja na boti ya saa tisa.