Majirani wa Ploti, Free Area, Nakuru

Jumatatu usiku

Mama Tasha: Majirani samahani kwa kusumbua saa hii, kuna mtu anaelewa Facebook vizuri? Peji yangu ya mapazia imeletewa meseji ati nimetumia picha za wenyewe na itafutwa baada ya masaa 24 nisipojaza fomu. Na mnajua wateja wangu wa Njoro na Molo wote wananipatia huko 😭

Baba Otis: Maji iko kwa nani? Kwangu bomba inakohoa tu

Kevo wa Saiba: Mama Tasha usibonyeze kitu. Nani ametuma?

Mama Tasha: Imeandikwa Meta Sapoti na ile alama yao ya bluu

Kevo wa Saiba: Hiyo ni akaunti ya mtu tu, amejipatia jina akaweka na logo. Fungua profaili yake uone ako na nini

Mama Tasha: Aki posti ni moja pekee, picha ya mlima. Lakini Kevo si notifikesheni imetoka kwa Facebook wenyewe, iko hapa kwa kengele

Kevo wa Saiba: Hapo ndio wanashikia watu. Ameandika hayo maneno kwa ukuta wake akataja peji yako, sasa Facebook inakuambia tu umetajwa na fulani, haijasema yenye ameandika ni ukweli

Mama Njeri: Uuuwi na mimi juzi niliambiwa peji ya keki imechaguliwa ipewe tiki ya bluu bure

Kevo wa Saiba: Bure 😂 Tangu 2023 hiyo tiki wanaiuza, unailipia kila mwezi. Futa

Mwalimu Wekesa: Linki inasomaje?

Mama Tasha: Inaanza facebook, halafu kistari, halafu maneno mengi mpaka nimechoka

Kevo wa Saiba: Angalia kile kiko kabla tu ya slashi ya kwanza, usihesabu zile mbili za https://, hapo ndio jina la mwenye hiyo tovuti. Kama si facebook.com basi hao ni watu wengine. Wewe usipitie kwa linki yao, ingia Facebook vile huingianga, uende setingi za peji uangalie hali ya peji, ukiwa na kosa la kweli utalipata hapo. Hata imeli zao za ukweli kwa kawaida zinatoka facebookmail.com na kuna mahali kwa setingi za usalama zinaonyeshwa zile wamekutumia juzi juzi

Mama Tasha: Nimeangalia. Inasema peji haina shida yoyote 🙏🙏

Mama Tasha: Lakini ngoja. Kuna mtoto wa dada yangu ako Eldoret, yeye ndiye huniwekea picha na pia ni adimini. Si naye ameiona?

Mwalimu Wekesa: Mpigie sasa hivi

Mama Tasha: Hashiki

Kevo wa Saiba: Mtoe kwa adimini kwanza, utamrudisha kesho

Mama Tasha: Atakasirika huyo, namjua

Baba Otis: Heri akasirike

Mama Tasha: Amepiga!! Anasema ameshaweka paswadi na sasa hiyo fomu inaitisha zile namba sita zimeingia kwa simu yake

Kevo wa Saiba: ASIZIANDIKE. Huyo mwizi saa hii ako kwa Facebook ya ukweli na paswadi ya kijana, anangojea hizo namba tu aingie. Abadilishe paswadi sasa hivi na atoe simu zote asizozijua kwa akaunti, na wewe mtoe kwa peji, usingoje kesho

Mwalimu Wekesa: Peji ya kwaya yetu ilienda hivyo hivyo. Walijiweka adimini wakatutoa sisi wote, halafu wakaanza kuuza pikipiki za bei ya kutupa, tuma diposi kwa M-Pesa. Na watu walituma jameni, wazee wa kanisa kabisa, kwa sababu ni kwaya inauza nani atashuku? Kadi ya mwekahazina ilikuwa imeunganishwa na matangazo, nayo ikakatwa

Mama Njeri: Na ukiibiwa unaripoti wapi?

Kevo wa Saiba: Anza na facebook.com/hacked halafu uende polisi. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 kifungu cha 30 kinasema mwenye kudanganya watu hivi ni faini hadi shilingi 300,000 ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili

Baba Otis: Na watamshikia wapi, hapa Lanet? 😂

Kevo wa Saiba: Hapo sasa mzee sina jibu

Mama Tasha: Nimemtoa. Amebadilisha paswadi pia, anasema hakuna simu ngeni. Sasa ananuna ati simwamini, nimemwambia tutaongea kesho

Mama Njeri: Kevo kesho nakuja kwa saiba uniwekee hiyo ya namba sita, mimi sinanga

Kevo wa Saiba: Njoo saa nne. Lakini zikiingia usinisomee hata mimi

Mama Njeri: Sasa utaniwekea aje?

Kevo wa Saiba: Utaandika mwenyewe, mimi nikiangalia dirishani 😂