Chaplin: tunamcheka au tunamlilia?

Mla Bisi: Wadau, jana usiku nimerudia filamu bubu ya mchekeshaji Charlie Chaplin ya 1925, The Gold Rush. Njaa imewabana kibandani, nje theluji, jamaa anachemsha kiatu chake. Kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Halafu usingizi ukapaa: huyu bwana katunga kichekesho au msiba? Naona ukikitoa kimoja, kingine kinaanguka. Mnasemaje?

Kausha: Msiba gani mkuu? Kiatu chenyewe kilikuwa peremende ya urukususu. Anayecheka njaa ya kwenye sinema hajawahi kulala nayo.

Binti Mtaa wa Nyuma: @Kausha hapo umenikanyaga. Nimelala njaa na nimecheka, tena usiku huohuo. Mama alikuwa anainjika sufuria ya maji matupu na kufunika, jirani asijue. Kaka yangu anafunua, anaonja na mwiko, "Mama, leo chumvi imezidi." Tunagaragara kwa kicheko, mama naye. Usitupangie. Chaplin mwenyewe alipelekwa nyumba ya maskini kule Lambeth, London, ana miaka saba. Mama yake baadaye akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mzee wa Forodhani: Ndiyo maana sisi mchekeshaji tunamwita chale. Ni yeye huyo, Charlie. Na chale ni zile unazochanjwa kwa wembe. Neno moja, kicheko na kidonda.

Fundi Sarufi: Mzee, shikamoo, ila hapo umechanganya. Watu walichanjwa chale kabla sinema haijazaliwa. Hayo ni maneno mawili yaliyogongana sauti.

Mzee wa Forodhani: Marahaba. Wapi nimesema yana asili moja?

Fundi Sarufi: "Neno moja." Mstari wako wa mwisho.

Mzee wa Forodhani: Mwanangu, wewe ukiambiwa "moyo umevunjika" unaita fundi?

Kausha: 😂😂 Fundi kachanjwa.

Mla Bisi: Jamani, turudi kwenye mada. The Kid ya 1921, pale mtoto anaponyang'anywa na kutupwa kwenye gari, analia huku kanyoosha mikono. Chaplin alikuwa ametoka kumzika mwanawe wa miaka mitatu.

Fundi Sarufi: Siku tatu. Julai 1919.

Mla Bisi: Sawa, siku tatu. Ndiyo imepungua uchungu?

Kausha: Chaplin anakulazimisha ulie, anakuminya tezi kabisa. Mimi namtaka Buster Keaton, mchekeshaji mwenzake wa filamu bubu. Uso mkavu, anaanguka, anainuka, haombi huruma ya mtu. Alivunjika shingo akiigiza filamu yake Sherlock Jr., akaja kugundua miaka mingi baadaye!

Binti Mtaa wa Nyuma: Huyo Keaton unamheshimu kwa sababu aliumia kimya. Sisi tuliosema tumeumia unatuita waongo. Na bado nasubiri samahani yangu.

Kausha: Sikukuita mwongo, dada. Nilisema "anayecheka".

Binti Mtaa wa Nyuma: Nilicheka. Nimeandika hapo juu.

Fundi Sarufi: Kimantiki kakushika, Kausha.

Kausha: Haya, samahani. Lakini kiatu kilikuwa peremende.

Mzee wa Forodhani: Binti, yule kaka yako wa chumvi yuko wapi siku hizi?

Binti Mtaa wa Nyuma: Yupo, Mzee. Anauza viatu vya mtumba. Msianze.