Naomba ushauri: mafunzo ya tiba ya maumivu kwa daktari aliye wilayani

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya mkoani Dodoma. Safari hii pointi za mafunzo endelevu, zile za kuhuisha leseni kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, nataka nizipate kwenye tiba ya maumivu. Semina za malaria na presha zipo tele; za maumivu sijaziona huku.

Kinachonisukuma ni wagonjwa wa saratani wanaorudishwa nyumbani. Ngazi ya WHO ya 1986, ya kupanda kutoka dawa nyepesi ya maumivu hadi kali, tunaijua wote: parasetamoli, kodeini, mofini. Lakini tukifika kwenye mofini mkono unakuwa mzito, eti mgonjwa atageuka teja au ataacha kupumua. Mwishowe anaambulia diklofenaki hata kama figo zina shida. Na mofini ya maji ina utaratibu wake: kila baada ya saa 4, dozi inapandishwa taratibu, pamoja na dawa ya kulainisha choo (hii ikisahaulika, mgonjwa anasusa kila kitu).

Nawaza kuomba wiki chache Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, au kozi kwa Hospice Africa kule Kampala, shirika la kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, walioanza 1993. Dar kwa SGR si mbali, ila wodini tuko wachache na mganga mfawidhi hataniachia kirahisi.

Aliyepita huko, wapi wanafundisha kwa vitendo, kando ya kitanda cha mgonjwa? Kozi ya mtandaoni inahesabika kwenye pointi? Na hapa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanapokea daktari wa nje kwa siku chache?