Mwenye moldi si mwenye sura! Wauza midoli ya sinema Arusha, mmetuchosha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Wiki tatu zilizopita nilitoka Moshi na Coaster ya alfajiri kwenda Arusha kufuata midoli mitatu ya sinema ya Star Wars. Muuzaji simtaji jina. Ana fremu si mbali na Soko la Kilombero, na ndiye aliyeanzisha grupu la WhatsApp la sisi wakusanyaji wa Arusha na Moshi. Aliniambia mbele ya watu wawili kwamba ni Kenner (kampuni ya Marekani iliyotengeneza midoli ya Star Wars) ya mwanzo kabisa, imetoka kwenye robota la Marekani, haijaguswa. Sh 80,000 kila mmoja. Nikahesabu Sh 240,000 nikampa. Kwa anayeona hiyo ni plastiki tu: ni hela niliyoidunduliza tangu Pasaka, nikila dagaa siku ambazo wenzangu wanakula nyama.

Usiku nikaitoa chini ya taa. Midoli 12 ya kwanza ya Kenner ina maandishi madogo nyuma ya mguu: G.M.F.G.I. 1977. Mwaka huo ni wa hakimiliki, maana midoli yenyewe iliingia madukani 1978. Krismasi ya 1977 Kenner walikuwa hawajamaliza kuitengeneza, wakawauzia wazazi bahasha yenye cheti cha kuja kutumiwa midoli baadaye. Sasa, herufi zile zilichongwa kwenye chuma, na plastiki iliyoyeyushwa ikasukumwa humo kwa nguvu, kwa hiyo zinatoka kali. Unazihisi kwa ukucha. Za kwangu zilikuwa kama zimeandikwa kwenye sabuni iliyolowa.

Nikachukua vernia, kile kipimo cha milimita, nikalinganisha na mdoli wa aina hiyo hiyo niliouokota soko la Memorial hapa Moshi miaka ya nyuma. Mpya ni mfupi kwa zaidi ya milimita moja. Kwapani kuna kitundu cha povu la hewa. Bunduki nikaitia kwenye kikombe cha maji ikazama moja kwa moja, wakati ile ya zamani inaelea. Najua kipimo cha maji peke yake hakitoshi, kuna za halali zinazozama, lakini ukijumlisha yote jibu ni moja: mtu amechukua mdoli halali, akaumwagia silikoni, akapata moldi, yaani kalibu yenye umbo lake, akamimina rezini, ile plastiki ya maji inayoganda. Rezini ikikauka inasinyaa, ndiyo maana nakala huwa fupi kuliko mama yake.

Nimepigwa. Hilo ningeweza kulimeza, wangapi wamepigwa mjini. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni jibu lake nilipompigia. Hakukana! Alisema hivi: "Mangi, moldi ni yangu, nimeitengeneza kwa hela yangu. Kinachotoka kwenye moldi yangu ni changu, na ni orijino." Nikalipeleka kwenye grupu nikidhani watu wazima watasimama. Nusu nzima wakasema jamaa ana hoja. Baada ya siku mbili za kubishana nikatolewa mimi.

Haya, tuongee kuhusu hiyo moldi, kwa sababu inaonekana tumekusanya midoli miaka yote hii bila kujua inatoka wapi.

Huku kwetu kila mtu anaijua foroma ya matofali. Ukinunua foroma, kila tofali utakalofyatua ni lako, hakuna wa kukuuliza, kwa sababu tofali halina sura ya mtu. Mdoli wa sinema una sura. Mtu aliibuni, mtu akaichonga, na jina lake linajulikana. Chuma unaweza kukimiliki kihalali kabisa, una risiti, kiko stoo kwako, na bado huna ruhusa ya kukitumia.

Mfano ni hao hao Kenner. Waliolipia moldi za chuma ni wao, na wachongaji walikuwa wao. Lakini George Lucas, aliyebuni Star Wars, alikuwa amehakikisha kwenye mkataba wake na kampuni ya filamu ya 20th Century Fox kwamba haki za bidhaa zinabaki kwake, na Kenner walifanya kazi kwa leseni. Bila leseni, vyuma vile vyote vilikuwa uzito tu. Na tazameni miguu: G.M.F.G.I. ni General Mills Fun Group, wenye Kenner wakati ule. Kuanzia sinema ya pili, mwaka 1980, maandishi yanakuwa L.F.L., yaani Lucasfilm, kampuni ya Lucas. Mdoli ni wa kampuni ile ile, umbo la aina ile ile, lakini anayetajwa mguuni kuwa mwenye hakimiliki amebadilika. Mnauza vitu hivi kila wiki na hamjawahi kujiuliza kwa nini?

Halafu kampuni zikauzwa. Kenner ikatenganishwa na General Mills 1985, ikanunuliwa na Tonka 1987, Tonka ikanunuliwa na Hasbro 1991, zote kampuni za midoli. Upande wa pili, Lucasfilm ikaenda Disney 2012 kwa dola bilioni 4 na kidogo. Mali ya kiwanda ilipita njia yake, sura za wahusika zikapita yake. Leo Hasbro wakitaka kutoa mdoli wa Star Wars, pamoja na kwamba wao ndio warithi wa Kenner, lazima wakubaliane na Disney. Hasbro! Wewe wa Kilombero na ndoo yako ya silikoni umelipwa na nani hiyo ruhusa?

Wapenzi wa maroboti nao wanaijua ya Jetfire, roboti wa Transformers za Hasbro. Ule mdoli wa 1985 ulitoka kwenye moldi ya Takatoku, kampuni ya midoli ya Japani, ambayo asili yake ni ndege ya kwenye katuni ya Kijapani ya Macross. Hasbro waliuza mdoli, lakini kwenye katuni yao wakamchora tofauti kabisa na kumpa jina Skyfire, kwa sababu ya utata wa haki za sura ile. Plastiki ilipita dukani, sura ikakwama kwenye televisheni.

Kuna mjuaji mmoja kwenye grupu alileta kesi ya kofia za Uingereza na kushangilia kama kamaliza mjadala. Naijua, na nitaieleza yote, siyo nusu aliyoitaka yeye. Andrew Ainsworth, fundi wa plastiki wa Twickenham, London, mwaka 1976 alitengeneza kofia za wale askari weupe wa filamu ya kwanza ya Star Wars. Karibu miaka 30 baadaye akaanza kuuza kofia za namna ile kwa umma. Lucasfilm wakamshtaki. California walipata hukumu ya dola milioni 20 mwaka 2006. Uingereza akashinda mpaka Mahakama ya Juu, Julai 2011: kofia ile haikuhesabiwa kuwa sanamu kwa sheria yao, ni kifaa cha kutengenezea filamu, na ulinzi wa miaka 15 wa bidhaa za kiwandani ulishapita. Hata midoli, jaji wa kwanza alisema si sanamu. Sawa, nakubali yote hayo. Lakini hukumu hiyo hiyo ilisema kwamba kwa kukiuka hakimiliki ya Marekani anaweza kushtakiwa hapo hapo Uingereza. Na hakushinda eti kwa sababu moldi ilikuwa yake. Someni tena, hoja ya mwenye moldi ndiye mwenye haki haimo.

Na hiyo ni Uingereza. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inalinda uchongaji na inataja pia sanaa ya matumizi, iwe ya mkono au ya kiwandani. Tuko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa mataifa kulindiana hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kazi ya mgeni nayo ina ulinzi hapa. Bidhaa bandia zina sheria yake, ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ipo.

Wengine wakaleta feki za Uturuki za miaka ya 80, kwamba leo wakusanyaji wanazigombania kwa bei kubwa. Kweli, zinagombaniwa. Ila anayeuza leo anasema ni feki ya Uturuki na anayenunua anajua anachonunua. Mimi niliambiwa Kenner.

Sasa niseme lililoniuma kuliko hela yangu.

Kuna dogo wa Njoro, hapa Moshi, fundi wa kuchonga. Mwaka jana alichonga kwa mringaringa bibi wa Kichaga mwenye mkungu wa ndizi kichwani, urefu wa kiganja, mikono inazunguka begani kama mdoli wa dukani. Hakuiga sinema ya mtu. Alimtoa kichwani mwake, na mikunjo ya kanga ile ukiiona unatafuta upepo unatokea wapi. Muuzaji wangu huyu huyu akampa Sh 60,000 ya silikoni na rezini, wakakubaliana kwa mdomo wachape 10 na kugawana. Leo bibi yule anauzwa kwa watalii Arusha, sijui ni wa mia ngapi, na dogo hajaona hata shilingi. Alipouliza, alijibiwa neno kwa neno nililojibiwa mimi: moldi ni yangu.

Ndiyo maana sikubali mnaposema haya ni mambo ya mabilionea wa Marekani, hayatuhusu. Mliposhangilia ile hoja kwenye grupu mlikuwa mnamvua dogo bibi yake. Disney wana mawakili. Dogo wa Njoro ana patasi tatu na mama anayeumwa.

Ninachotaka ni hiki. Sh 240,000 yangu irudi, midoli yake ninayo, nitairudisha kama nilivyoipokea. Ile moldi ya bibi irudi Njoro pamoja na hesabu ya zilizochapwa. Na anayetaka kuuza nakala aandike NAKALA mguuni, aone zitanunuliwa kwa Sh ngapi.

Walionunua kwake tangu mwaka jana, Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa Memorial na vernia, lenzi na mdoli wangu halali wa kulinganishia. Njooni na ya kwenu, na kama mna meseji zake za kuuziana msizifute. Dogo wa Njoro atakuwepo na yule bibi wa mti.